Kilwa Kisiwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila msimu. Huulizwa na walimu wanaopanga ziara ya shule, na wenye magari wanaoshuka kusini kwa mara ya kwanza. Huulizwa pia na watu waliolisoma jina la Kilwa kwenye somo la historia wakiwa sekondari na sasa wanataka kujua pakoje leo. Tumeanza na ya msingi. Jibu likigusa jambo lililokwisha kuelezwa, utaelekezwa ukalisome huko.

## Mambo ya mwanzo

Kilwa Kisiwani iko wapi?

Ni kisiwa kidogo katika Bahari ya Hindi, kusini mwa Tanzania, wilaya ya Kilwa, mkoa wa Lindi. Kati yake na bara kuna mkondo wa bahari wa kama kilomita 2. Ukisimama bandarini Kilwa Masoko unaiona ng'ambo ngome ya kale iitwayo Gereza, imesimama karibu kabisa na maji.

Wazee wengine bado husema Kilwa iko Mtwara. Hawajakosea sana, maana Lindi ilikuwa ndani ya mkoa wa Mtwara hadi mwaka 1971.

Mbona naambiwa kuna Kilwa tatu?

Kwa sababu ziko tatu, na kila moja ina zama zake. Kisiwani ndio mji wa kale wa masultani. Kivinje iko bara, upande wa kaskazini. Ilinawiri karne ya 19 Kisiwani ilipokuwa imekwisha nguvu, ikawa kituo cha misafara iliyotoka bara, kisha Wajerumani wakajenga boma lao hapo. Masoko ndiyo makao makuu ya wilaya kwa sasa, na ndiko utakakopanda chombo cha kuvuka. Ukisema "nashuka Kilwa" tu, kondakta atakuuliza ni ipi.

Kisiwani kuna watu, au ni magofu matupu?

Kuna watu. Hili ningependa kila mgeni alijue kabla hajapanda mashua. Kilwa Kisiwani ni kijiji, na watu wake ni wavuvi na wakulima, wana minazi, mihogo, misikiti yao na shule ya watoto wao. Njia za kijiji ndizo zinazopita katikati ya kuta za kale. Utakutana na mama amebeba ndoo kichwani mahali ambapo kitabu chako kinasema palikuwa na jumba la sultani.

Watu husema "mji uliokufa" kwa urahisi sana. Ulioanguka ni utawala wa masultani, lakini makazi hayakukoma. Mgeni akishalielewa hilo, hata mwendo wake hubadilika. Anatembea kama mtu aliyeingia uani kwa watu, anapiga hodi na kusalimu. Namna ya kufanya hivyo tumeieleza kwenye swali la mavazi na salamu.

Songo Mnara na Songosongo ni mahali pamoja?

Hapana, na kosa hili limewasumbua wengi. Songo Mnara ni kisiwa kilicho kusini mwa Kilwa Kisiwani, chenye magofu ya mji wa karne ya 14 na 15. Songosongo ni kisiwa kingine, kaskazini, chenye visima vya gesi asilia inayosafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Ukimwambia nahodha "Songo" peke yake, usishangae akikuuliza mara mbili.

Ni kweli pametambuliwa na UNESCO?

Ndiyo, tangu mwaka 1981, na jina kamili linaunganisha sehemu mbili: Magofu ya Kilwa Kisiwani na Magofu ya Songo Mnara. Mwaka 2004 yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, yakaondolewa mwaka 2014. Kilichosababisha tumekieleza kwenye swali la mawimbi, huko mwishoni.

## Safari

Nafikaje kutoka Dar es Salaam?

Kwa barabara, ni kama kilomita 300 kuelekea kusini. Mabasi ya kusini hupatikana Mbagala, na safari huchukua saa tano hadi sita hivi. Utavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, utapita Somanga, utafika Nangurukuru. Hapo barabara ya Lindi na Mtwara inaendelea mbele, nawe unakunja kushoto kuelekea Masoko, kama kilomita 30. Basi linaloendelea Lindi litakushusha Nangurukuru, na usafiri mdogo wa kukumalizia safari upo.

Vijana wanaosafiri leo hawajui ilivyokuwa. Kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji ulivukwa kwa kivuko pale Ndundu, na watu walilala kando ya mto wakisubiri. Hata baada ya daraja, kipande cha Ndundu hadi Somanga ndicho kilichochelewa kuwekewa lami, na wakati wa masika magari yalizama tope hadi kwenye ekseli.

Masika bado yana neno lake. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, mafuriko yalikata barabara hii na magari yakakwama pande zote mbili. Mvua zikiwa kubwa, ulizia hali ya njia kabla ya kukata tiketi.

Masoko pana uwanja mdogo wa ndege pia, unaotumiwa zaidi na ndege ndogo za kukodi.

Nahitaji kibali kuingia kisiwani?

Ndiyo. Magofu yako chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), na ada hulipwa Masoko kabla ya kuvuka. Raia hulipa kidogo, mgeni kutoka nje hulipa zaidi, kwa hiyo beba kitambulisho. Dai risiti. Hapo hapo ofisini utapangiwa mwongoza wageni.

Wengine huona mwongozaji ni gharama ya bure. Mimi nasema usivuke bila yeye. Magofu haya hayana vibao vya kutosha kujieleza, na mwongozaji aliyezaliwa kisiwani atakuonyesha mambo ambayo peke yako ungepita juu yake bila kujua umekanyaga nini.

Kuvuka kukoje?

Kwa boti ya mashine ni dakika kumi hadi kumi na tano. Kwa mashua ya tanga inategemea upepo. Wanakijiji wana vyombo vyao vya kila siku vinavyobeba watu, unga, mabati na mbuzi, na ukipata nafasi humo utaijua Kilwa zaidi kuliko ukikodi chombo chako.

Mambo mawili ya kukumbuka. Kwanza, ulizia maji yanajaa au yanakupwa saa ngapi. Bamvua likitoa maji, chombo husimama mbali na unashuka kutembea kwenye tope na miamba, hivyo vaa ndara zinazoshika mguu. Pili, dai jaketi la kujiokoa hata kama ng'ambo inaonekana karibu. Mkondo ule una kina, meli kubwa hupita humo.

Wakati gani ni mzuri?

Juni hadi Oktoba ni kiangazi, hakuna joto kali na majani ni machache, kwa hiyo kuta zinaonekana vizuri. Ila huo ni msimu wa upepo wa kusi, bahari huchafuka mchana. Vuka asubuhi mapema. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari huwa na nafuu lakini jua linachoma. Machi hadi Mei ni masika, afadhali uache.

Siku ngapi zinatosha?

Nusu siku inatosha kuona majengo makuu ya Kisiwani kwa haraka, na siku nzima inatosha kuyaona kwa utulivu. Songo Mnara inataka siku yake peke yake, kwa sababu ni mbali zaidi kwa chombo na kufika kwake kunategemea maji kujaa. Kivinje nayo ni nusu siku. Siku tatu, basi, utaondoka umeridhika.

Nalala wapi, na chakula je?

Wageni wengi hulala Masoko, ambako kuna nyumba za wageni za bei ya kawaida na hoteli chache za ufukweni upande wa Jimbizi. Samaki, pweza na wali wa nazi hutakosa. Kisiwani usitegemee kukuta mgahawa umefunguliwa. Beba maji ya kunywa ya kutosha, na ukitaka kula kijijini, mwambie mwongozaji wako siku moja kabla ili watu wajiandae.

## Majengo

Nianzie wapi?

Vyombo hufikia karibu na Gereza, kwa hiyo utaanzia hapo upende usipende. Kutoka hapo watu huenda Msikiti Mkuu, kisha msikiti mdogo wa makuba, jumba la Makutani, na mwisho Husuni Kubwa iliyo mbali kidogo upande wa mashariki. Mimi ningekushauri ugeuze. Nenda Husuni Kubwa asubuhi kabla jua halijakaza, maana njia yake ni ndefu, kisha urudi taratibu ukimalizia na Msikiti Mkuu jua likiwa limeinama, kivuli cha matao kikiwa kimelala sakafuni.

Msikiti Mkuu una nini cha pekee?

Una sehemu mbili, na ukizitofautisha umeielewa nusu ya historia ya mji. Ya kaskazini ndiyo ya zamani, ya karne ya 11. Ni ndogo, ya mji wa watu wenye imani lakini wasio na mali nyingi bado. Ya kusini iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, wakati dhahabu ilipokuwa inamiminika. Hapo ndipo utakapoona safu za nguzo, matao, na makuba juu yake.

Nguzo za kwanza za sehemu ya kusini zilichongwa kwa jiwe la matumbawe, kila moja kipande kimoja. Hazikudumu. Paa lilianguka, na karne ya 15 likajengwa upya kwa nguzo zilizopangwa kwa mawe na chokaa, ambazo ndizo zimesimama hadi leo. Waliojenga mara ya pili walijifunza kutokana na anguko la kwanza, na somo lao bado linabeba paa. Kwa muda mrefu hapakuwa na msikiti mkubwa kuliko huu katika pwani yote ya Afrika Mashariki.

Kwenye kona ya kusini-mashariki pana chumba chenye kuba kubwa kilichojengwa na sultani huyo huyo. Simama ndani yake uongee kwa sauti ya kawaida, usikilize.

Husuni Kubwa ilikuwa ngome?

Jina linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya ngome, lakini jengo lenyewe lilikuwa jumba la kifalme. Lilijengwa enzi za al-Hasan bin Sulaiman, juu ya mwamba unaotazama bahari, mbali kidogo na mji. Lina vyumba zaidi ya mia moja, ua wa mapokezi, sehemu iliyoonekana kuwa ya biashara na maghala, na ngazi zinazoshuka hadi ufukweni. Maandishi yaliyopatikana humo yanamtaja sultani kwa jina.

Kinachowavuta watu zaidi ni birika la kuogea lenye pande nane. Fikiria maji yote yale kubebwa kutoka visimani hadi juu ya mwamba. Jumba hili halikumalizwa. Watu waliliacha baada ya muda mfupi, na ukitembea humo utaona sehemu ambazo fundi aliweka chini zana zake na hakurudi.

Na Husuni Ndogo je?

Iko jirani. Ni ukuta mkubwa wa mstatili wenye minara pembeni, na ndani karibu hamna kitu. Wataalamu wamebishana kama ilikuwa soko, ghala au kambi. Ukiwa na haraka, iruke.

Gereza lilikuwa jela kweli?

Katika Kiswahili cha leo gereza ni jela, lakini hapa maana yake ni ngome. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505 walipouteka mji, wakaiacha mwaka 1512. Jengo unaloliona sasa kwa sehemu kubwa ni la Waomani, la mwanzoni mwa karne ya 19, juu ya msingi wa Wareno. Upande mmoja wake umeliwa na bahari.

Kuna jengo gani watu hulipita bila kulitazama?

Msikiti mdogo wa makuba. Ni wa karne ya 15, na kati ya majengo yote ya kale kisiwani huu ndio uliobaki mzima zaidi. Watu hupiga picha moja nje wakaondoka. Ingia. Inua macho uangalie makuba kwa ndani, usitazame moja, yatazame yote.

Makutani pia huonewa. Ni jumba la masultani wa karne ya 18, wakati Kilwa ilipojikusanya tena kwa muda, na kuta zake zinashuka hadi kwenye mikoko.

Yalijengwaje bila saruji?

Kwa vitu vilivyokuwepo kisiwani na majini. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu. Mihrabu, fremu za milango na mapambo yalichongwa kwa matumbawe laini yaliyotolewa baharini, ambayo huchongeka vizuri yakiwa bado mabichi na kuwa magumu yakikauka. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya magogo, ikaachwa ipoe na kuiva, kisha ikachanganywa na mchanga.

Dari za nyumba zilibebwa na boriti za mikoko. Boriti ina urefu wake, na ndiyo sababu vyumba vya kale vya pwani ni virefu lakini vyembamba. Upana wa chumba uliamuliwa na mti. Kuba na tao vilikuwa njia ya kuushinda mpaka huo, na Kilwa ilivitumia kwa ujasiri kuliko mji mwingine wowote wa pwani wa zama zake.

## Historia

Kilwa ilijengwa na Waarabu, Waajemi au Waafrika?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi linaulizwa kana kwamba ni lazima mtu mmoja ashinde.

Ukichimba chini ya majengo ya mawe, unakuta tabaka za makazi ya miti na udongo, vyungu vya mkono, mabaki ya samaki na ya ufuaji chuma, kuanzia karne ya 9 hivi. Yaani watu walikuwepo, walivua, walifanya biashara, vizazi vingi kabla ya makuba. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba hapa miaka ya 1950 na 1960, na kazi ya waliomfuata imeendelea kuonyesha mji uliokua kutoka ndani yake wenyewe. Lugha yake ni ya Kibantu, na mawe, chokaa na boriti zake ni za hapo hapo.

Wakati huo huo, wageni kutoka ng'ambo walikuja, wakaoa, wakakaa. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, uliopima mabaki ya watu 80 wa miji ya kale ya pwani na majirani zao, ulionyesha mchanganyiko ulioanza karibu mwaka 1000: upande wa mama ukiwa wa Kiafrika kwa sehemu kubwa, na upande wa baba ukiwa na asili ya Uajemi kwa wengi. Kwa hiyo masimulizi ya Washirazi, yaani wageni waliotoka Uajemi, si uongo mtupu, na hoja ya kuwa mji ni wa Waafrika ni ya kweli. Waliouinua ni Waswahili. Ningefurahi kama vitabu vya shule vingelisema hilo bila kusitasita.

Ni kweli kisiwa kilinunuliwa kwa nguo?

Ndivyo yanavyosimulia masimulizi ya kale ya Kilwa, yaliyoandikwa kwa Kiarabu na ambayo toleo lake jingine lilichapishwa na Mreno João de Barros mwaka 1552. Inasemekana Ali bin al-Hasan, aliyetoka Shirazi, alimpa mwenye kisiwa nguo za kukizunguka kisiwa kizima. Kisha, ili aliyeuza asirudi kwa miguu maji yakikupwa, njia ya kuelekea bara ikachimbwa hadi ikawa mkondo wa bahari.

Usiichukue kama hati ya mauziano, ichukue kwa kile inachokumbuka: nguo ilikuwa mali kubwa pwani, mwenye ardhi alikuwa mtu wa hapa, na wageni waliingia kwa makubaliano.

Utajiri ulitoka wapi?

Dhahabu. Ilichimbwa bara, katika nchi ya Zimbabwe ya leo, ikashuka hadi Sofala, katika Msumbiji ya leo, na Kilwa ikaidhibiti njia ya bahari kutoka Sofala kwenda kaskazini. Kulikuwa na pembe za ndovu pia. Kutoka ng'ambo zilikuja nguo na shanga za India, na vyombo vya kaure vya China, ambavyo vigae vyake bado viko ardhini.

Mahali nako kulisaidia. Upepo wa kaskazi huleta majahazi na kusi huyarudisha, na Kilwa iko karibu na mwisho wa safari ambayo chombo kutoka Arabuni au India kingeweza kuimaliza na kurudi ndani ya msimu mmoja. Aliyetaka dhahabu ya kusini zaidi alilazimika kuipata kupitia mikono ya watu wa Kilwa.

Mji ulipiga sarafu zake wenyewe za shaba. Upande mmoja una jina la sultani, mwingine una maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zina vina, kama beti. Sarafu moja ya al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana Great Zimbabwe, na hiyo peke yake inatosha kuonyesha njia ya biashara.

Ni kweli sarafu za Kilwa zilipatikana Australia?

Ndiyo. Mwaka 1944 sarafu tano za Kilwa ziliokotwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, pamoja na sarafu za Waholanzi. Zimefikaje huko, hakuna aliyethibitisha.

Ibn Battuta alisema nini?

Alifika mwaka 1331, akausifu mji kwa uzuri wake na watu wake kwa uchaji. Sultani wa wakati huo alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, yule yule wa Husuni Kubwa, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani mtoaji wa zawadi, kwa ukarimu wake.

Anasimulia kwamba siku moja, baada ya sala ya Ijumaa, fakiri kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizovaa. Sultani akaingia nyumbani kwa khatibu, akavua, akampa. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa watumwa kumi, na sultani aliposikia watu wanavyomsifu akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe. Wageni wengi hupenda sehemu ya kwanza ya kisa hiki. Kisome chote. Watu ishirini walitolewa zawadi siku ile, na hakuna aliyeandika majina yao.

Kwa nini mji ulianguka?

Haukuanguka kwa siku moja. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika na mizinga akamlazimisha Amir Ibrahim, mtawala wa Kilwa wakati huo, kulipa kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilitumika kutengeneza chombo cha ibada cha mwaka 1506, na kipo hadi leo kwenye jumba la makumbusho mjini Lisbon. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji na askari wake wakaupora. Wareno wakaishika Sofala pia, na Kilwa bila Sofala ikabaki bandari isiyo na shehena. Mwaka 1587 Wazimba, wapiganaji waliotoka upande wa mto Zambezi, waliuvamia mji na kuua watu wengi.

Karne ya 18 palikuwa na ahueni, lakini ahueni hiyo ina doa, na swali linalofuata linalieleza. Mwishoni mwa karne hiyo Waomani walishika hatamu, na miaka ya 1840 sultani wa mwisho akahamishwa. Biashara ikahamia Kivinje.

Kilwa ilihusika na biashara ya watumwa?

Ndiyo, na mwongozaji mzuri hatakuficha. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na Mfaransa aliyeitwa Morice, wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Bahari ya Hindi. Karne ya 19 Kivinje ikawa moja ya bandari kubwa za biashara hiyo, watu wakiletwa kwa miguu kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Ukiyastaajabia majumba, wakumbuke na hao.

## Adabu za kijijini

Nivae nini, nisalimie vipi?

Kijiji ni cha Waislamu. Mwanamke afunike mabega na magoti, kanga moja begani inatosha. Mwanamume asitembee kifua wazi, hata akitoka kuogelea. Mzee mpe shikamoo kabla hujamuuliza chochote. Ukipita mbele ya nyumba ya mtu, piga hodi hata kama huingii. Mwezi wa Ramadhani usile wala usinywe hadharani.

Naweza kuwapiga picha watu?

Omba kwanza. Wakikataa, shukuru upite. Kuta zipige utakavyo. Droni ni jambo jingine, inahitaji kibali cha serikali, na mwongozaji hana mamlaka ya kukuruhusu.

Makaburi je?

Yapo ya masultani na ya watu wa kawaida, na wenyeji huyaheshimu. Usikae juu yake, usiegemee, usiweke mkoba.

## Maswali ya pembeni

Nimeokota kigae cha kaure au sarafu. Ni changu?

Si chako. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu hivyo, na kuviondoa ni kosa. Kiache kilipo, mwonyeshe mwongozaji. Kigae kikiwa ardhini kinaeleza kilikuwa kwenye nyumba ya nani na ya zama zipi, lakini mfukoni mwako hakielezi kitu.

Na kwa wanaouliza kama kuna hazina iliyofukiwa: waliochimba kuta wakitafuta dhahabu walichopata ni kuangusha kuta.

Mawimbi yanaharibu magofu?

Yanaharibu. Ufukwe wa upande wa Gereza na Makutani umekuwa ukimegwa, na mvua pamoja na mizizi ya miti hupasua kuta kutoka juu. Hayo ndiyo yaliyoiingiza Kilwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004. Kilichosaidia ni kazi ya mkono: kuta za kuzuia mawimbi, upandaji wa mikoko, ukataji wa vichaka na ukarabati kwa chokaa ya asili. Saruji haifai, kwa sababu ni ngumu kuliko ukuta wenyewe na huubandua. Mafundi wengi wa kazi hiyo walikuwa wanakijiji.

Mzazi wangu hawezi kutembea sana. Aje?

Aje, lakini asiende Husuni Kubwa kwa miguu. Kisiwani hakuna magari, na njia ni za mchanga na mawe. Gereza na Msikiti Mkuu haviko mbali na ufukwe. Panga kuvuka maji yakiwa yamejaa, ili chombo kisogee karibu na asilazimike kutembea kwenye tope.

Kivinje pana nini cha kuona?

Nyumba za kale za biashara, nyingi zikiwa zimechoka, majengo ya enzi za Wajerumani, na kumbukumbu ya mashujaa. Hapo ndipo Hassan bin Omari Makunganya aliponyongwa na Wajerumani mwaka 1895, kwenye mwembe ulioitwa Mwembe Kinyonga. Miaka kumi baadaye Vita vya Majimaji vilianza Nandete, kwenye vilima vya Wamatumbi ndani ya wilaya hii hii. Mapango ya Nang'oma, yaliyotumika kama maficho wakati wa vita hivyo, yako upande huo wa Kipatimu, na kwenda huko kunataka gari la uhakika na siku nzima.

Mifupa ya dinosaria iko Kilwa?

Hapana. Tendaguru iko mkoa huu wa Lindi, lakini kusini zaidi, bara, kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi. Mifupa iliyochimbwa huko kati ya 1909 na 1913 ilipelekwa Berlin, na mmoja wa mijusi hao wakubwa amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho huko.

Naleta wanafunzi arobaini. Nipange nini mapema?

Barua ya shule ifike ofisi ya TAWA Masoko kabla ya safari, ili ada ya wanafunzi na waongozaji vipangwe. Wagawe wavuke kwa mafungu, chombo kisizidiwe, na kila mtoto awe na jaketi. Wape kazi ya kufanya: wapime upana wa vyumba vya Makutani kwa hatua zao, kisha uwaulize kwa nini upana huo haupishani sana (jibu liko kwenye swali la ujenzi bila saruji). Na mwombe mwenyekiti wa kijiji mzee mmoja akae nao chini ya mti nusu saa. Mwalimu, hapo wewe nyamaza.